Ngoma ya Jozi Nne

Soko la Kasongo lilikuwa limefurika asubuhi ile. Chimène alikuwa ameshika ncha moja ya kitenge cha manjano, na kijana mrefu asiyemjua ameshika ncha ya pili. Kilikuwa kipande cha mwisho.

"Achilia, papa. Mimi nilikishika wa kwanza."

"Pole, mama, lakini niko na haraka. Ni cha shati ya kucheza ngoma kwenye ndoa."

"Ngoma gani hiyo inataka shati mupya?"

"Ya Waingereza," kijana akajibu, kisha akacheka mwenyewe.

Akamweleza. Prof Dominique, mwalimu wa Kiingereza, alikuwa anamwoza dada yake, Laura. Alitaka jozi nne zicheze mbele ya maharusi ngoma ya zamani ya Kiingereza, ambayo alikuwa ameipunguza mpaka ikawa nyepesi: wanaume mstari huu, wanawake mstari ule, mnashikana mkono na kuzunguka, mnabadilishana na jirani, mnarudi kwa wenzenu. Jozi tatu zilikuwapo. Yeye, Zakaria, hakuwa na wa kucheza naye.

"Kitenge hiki kinatosha shati na gauni," akasema. "Ukikubali, ugomvi umekwisha."

Chimène alikuwa fundi wa kushona. Alikipima kitambaa kwa macho, akampima na kijana mwenyewe.

"Nitashona mimi. Fundi wako atakiharibu."

Wiki tano walifanya mazoezi katika uwanja wa shule. Kila walipobadilishana na jirani, Zakaria alirudi na neno la kumnong'oneza.

"Nilikukosa."

"Umeenda hatua nane tu!"

"Ni nyingi, mupenzi."

Baadaye zikafuata simu, umekula nini, umeshona nini, mpaka unite za kupigia zinakwisha katikati ya neno.

Jumanne kabla ya ndoa, Zakaria aliaga. Anaenda Kabambare.

"Kufanya nini?"

"Shughuli kidogo. Ijumaa niko hapa." Alisema hivyo akitazama pembeni.

Barabara ile kila mtu aliijua: matope, madaraja ya magogo, na pikipiki zilizoondoka zisirudi. Jumatano simu yake haikupatikana. Alhamisi vilevile. Chimène alishona upindo wa gauni, akaufumua, akaushona tena. Kila pikipiki iliyosimama nje ilimwinua kitini.

Ijumaa mchana alipopiga tena, simu ya Zakaria iliita, ikapokelewa. Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana.

"Alo? Zakaria iko analala. Wewe nani?"

Chimène alikata. Siku tatu alikuwa ameomba Zakaria awe mzima. Kumbe mzima, tena amelala kwa mwanamke. Akaizima simu, akaifungia sandukuni.

Jumamosi alikwenda kwenye ndoa kwa ajili ya Laura tu. Gauni la manjano lilimkaa vizuri, mabega wazi, nywele zimesukwa juu. Mistari ilikwisha kupangwa na kinanda kimeanza Zakaria alipoingia mbio, shati la manjano kifuani, matope hadi magotini, macho mekundu. Akasimama mbele yake.

Chimène alimpa mkono bila kumtazama.

"Yule mwanamke ni nani?"

Zakaria akafungua kinywa, lakini zamu ya kubadilishana ilikuwa imefika. Chimène akajikuta akizunguka na Prof Dominique wa jozi ya pili, aliyekuwa akiwachekea wageni. Hatua nane. Akarudi.

"Bibi ya kaka yako Magloire."

Magloire ndiye aliyemlea Chimène wazazi wao walipofariki. Aliishi Kabambare, na mke aliyemwoa mwaka jana Chimène hakuwahi kumwona wala kuisikia sauti yake. Mguu ukamkosea.

"Kulia, Chimène!" Prof akanong'ona akimzungusha tena.

Akarudi. "Kwa Magloire ulifuata nini?"

"Nilikwenda kukuomba."

Wakaachana. Mzunguko ule ulikuwa mrefu kuliko yote. Aliporudi, Zakaria alisema kwa haraka, akihema:

"Malaria iliniangusha siku ileile niliyofika, simu nayo ikaisha chaji. Nilipoamka jana wakasema mutu alipiga, akakata. Nikakupigia, simu imefungwa. Alfajiri nikapanda pikipiki."

"Mkono wako unawaka!"

"Homa bado iko. Magloire alisema yeye hana neno, lakini jibu ni lako. Basi nakuuliza, Chimène. Utakubali nikuoe?"

Hapo jozi ya kwanza, ndiyo yao, ilipaswa kushikana mikono miwili na kupita kati ya mistari. Wakapita. Zakaria alimwegemea, na Chimène aliuhisi uzito wake wote mikononi. Mwisho wa mistari walitakiwa kuachana, kila mmoja arudi upande wake. Chimène hakumwachia. Jozi ya pili ikangoja. Prof akawakonyeza.

"Chimène, watu wanaangalia," Zakaria akasema.

"Waangalie. Nimekubali." Akapitisha mkono kiunoni mwake. "Sasa njoo ukae, nikutafutie maji, kisha twende hospitali kwa munganga."

Akamkokota taratibu hadi kwenye kiti. Jozi tatu zilizobaki zikamaliza ngoma kadiri zilivyoweza. Wageni, ambao hawakuwahi kuiona, walidhani ndivyo inavyochezwa, wakapiga makofi.