Aliyesemekana Yuko Kanada

Mtandio wa Manroop ulinaswa na usukani wa skuta katikati ya Chaura Bazaar, saa ambayo jiji zima la Ludhiana lilikuwa limemiminika kununua nguo za harusi. Mtandio ule wa kijani, aliokuwa ameudarizi mwenyewe kwa nyuzi za dhahabu, uliburutwa juu ya tope na maganda ya machungwa kabla dereva hajashtuka.

"We kipofu?" Manroop alifoka. "Au hicho kilemba kimekuziba macho?"

Kijana alishuka. Alikuwa mrefu, kilemba cha zambarau kimefungwa sawasawa, sweta la kijivu la mikono mirefu. "Samahani, dada."

"Mimi si dada yako!"

"Mungu ashukuriwe," alisema, na wauza vitambaa wakaangua kicheko. "Nipe namba yako. Nikiusafisha nikupigie."

"Ukiuharibu?"

"Nitakupigia vilevile."

Manroop alimpa namba huku amenuna, lakini njia nzima hadi dukani kwake, alikokuwa akishona nguo za mabibi harusi, tabasamu lilikuwa likimponyoka.

Kijana yule aliitwa Tejbir. Alisimamia karakana ya baba yake ya pedeli za baiskeli, na simu zake zilikuja na kelele za mashine nyuma yake.

"Asali, umekula?"

"Asali nani? Mimi ndimu."

"Basi ndimu yangu. Dengu bila ndimu inalika?"

Walikula mikate ya kulcha ya moto kwenye mkokoteni wa karibu na mnara wa saa. Tejbir alijua kuchekesha hadi mtu akapaliwa. Ila kulikuwa na siku alizokaa kimya, macho yamezama, chakula hakigusi. Joto lilipopanda na watu wakawa wanatafuta vivuli, yeye bado alivaa mikono mirefu.

"Unaficha nini humo, dhahabu?" Manroop alimtania.

"Makovu ya mashine. Mabaya, usiyaone."

Siku moja tu alimtaja kaka yake, Harjap, aliyekufa relini. Aliteleza, alisema. Siku ya mazishi baba yao, Mzee Bachittar Singh, alimwona analia akamvuta pembeni, akamwambia kulia ni kazi ya wanawake. "Nikanyamaza," alisema Tejbir, akicheka. "Hadi leo sijui machozi yalikwenda wapi." Manroop naye akacheka kidogo, kwa kuwa yeye alicheka. Hakuuliza zaidi.

Walikubaliana Jumapili angekuja na baba yake kumposa. Mama yake Manroop alipika, akapamba sebule, akatoa vikombe vya wageni. Chai ilichemshwa, ikapoa, ikachemshwa tena. Hakuna aliyekuja. Simu ya Tejbir ilikuwa imezimwa.

Kesho yake Manroop alikwenda kwao. Mama yake Tejbir alifungua geti kiasi cha uso tu.

"Kaenda Kanada, binti. Viza ilitoka ghafla. Msahau."

"Bila hata kuniaga?"

"Wanaume ndivyo walivyo." Geti likafungwa.

Alishona miezi ile kama anayempiga mtu. Mabibi harusi wa mtaani walikuja kupimwa, wakamwonea huruma kwa sauti ya kusikika: maskini, kaachwa kwa ajili ya theluji. Manroop aliuma pini midomoni ili asiwajibu. Akilala alimtukana Tejbir, akiamka alimtukana tena, na katikati ya matusi alikumbuka kicheko chake akazidi kukasirika.

Kisha akaja Pavneet, mjane wa Harjap, amevaa nguo nyeupe, ameshika kitambaa ambacho hakikuwa na haja ya kushonwa. Alisubiri wateja watoke.

"Tejbir hajafika Kanada, mdogo wangu. Hata uwanja wa ndege hajauona."

Mkasi ulisimama mkononi mwa Manroop.

"Anatumia unga, anajidunga mikononi," Pavneet aliendelea. "Alianza na vidonge vya usingizi kaka yake alipokufa. Wiki ile ya posa yeye mwenyewe alimwambia baba mkwe. Alisema, baba, nakufa, nisaidie, sitaki kumwoa msichana wa watu nikiwa hivi. Mzee akaita watu wakamfunga mikono, wakamtupa kwenye gari. Yuko kwenye soba moja, nyumba ya kuachisha unga, ng'ambo ya mfereji, haina kibali wala daktari. Arosto ya kukosa unga ikimshika wanamtibu kwa fimbo."

"Na wewe umejua muda wote huu?"

"Nimejua. Harjap naye hakuteleza, Manroop. Alijilaza relini. Alikuwa ameniambia hasikii tena ladha ya kitu chochote, hata maji. Baba mkwe akaniamuru niseme aliteleza, nikasema. Sasa nasubiri kuambiwa huyu wa pili aliteleza wapi?"

Manroop hakufunga hata duka. Aliingia karakana ya Mzee Bachittar Singh na tepu ya kupimia bado iko shingoni, mafundi wakazima mashine mmoja mmoja.

"Mwanao yuko wapi, Anko?"

"Kanada."

"Mji gani?"

Mzee alinyanyuka. Ndevu zake nyeupe zilichanwa vizuri, shati limepigwa pasi. "Binti, una adabu kweli? Unakuja kumdai mwanamume kazini kwa watu?"

"Nakuja kumdai mgonjwa uliyemtupa! Alikuja kwako kuomba msaada, ukampeleka kupigwa!"

"Bora waseme mwanangu ana maringo ya Kanada kuliko waseme ni teja!" Mzee alipiga meza. "Nina jina katika mji huu!"

"Jina! Jina lako limekwisha kumla mmoja, na huyu wa pili liko naye mezani!"

"Harjap aliteleza!"

"Hakuteleza, baba." Pavneet alikuwa amesimama mlangoni. Hakupandisha sauti. "Mimi ndiye nilikuwa naye asubuhi ile. Na leo nitasema hapa, mbele ya mafundi wako, mpaka nichoke."

Mzee alitafuta kiti kwa mkono bila kukitazama. Yeye ndiye aliyetia sahihi kule soba, na ni yeye tu angeweza kumtoa. Akachukua funguo za gari, Manroop akapanda naye.

Soba ile ilikuwa na ukuta mrefu na mbwa. Msimamizi, jamaa aliyevaa suti ya michezo, aliwakaribisha chai. Manroop aliisukuma. Tejbir aliletwa akiwa amekonda, mguu mmoja anauburuta, kichwa wazi. Nywele zake, ambazo kwa imani yao tangu azaliwe hazikuwahi kuguswa na mkasi kama za wanaume wote wa familia ile, zilikuwa zimenyolewa zote.

Mzee Bachittar Singh alitoa mlio. Alimrukia msimamizi akamkaba koo. "Umemnyoa mwanangu! Umemnyoa mwanangu!"

"Aa, sasa ndiyo umekasirika?" Manroop alipaza sauti hadi mbwa wakaanza kubweka. "Nywele! Nywele zitaota! Alipokuwa hapati usingizi ulikuwa wapi? Tazama huo mguu! Tazama mgongo wake! Hivyo havikuumi?"

Mzee alimwachia yule mtu. Mikono ilimwanguka pembeni.

"Manroop," Tejbir alinong'ona, "usiniangalie."

"Nakuangalia. Na wewe usifikiri umeuponyoka mdomo wangu. Ulinidanganya. Makovu ya mashine!"

"Niliogopa utaniacha."

"Labda ningekuacha! Lakini ni mimi ningeamua, si wewe, si baba yako, si geti la mama yako!" Ndipo akalia, kwa ghadhabu, na huku analia akampa bega lake aegemee hadi garini.

Hospitali ya serikali walimpa dawa ya kuweka chini ya ulimi, na daktari wa kuongea naye. Alirudia unga mara moja, akampigia Manroop yeye mwenyewe akasema, "Ndimu, nimeanguka." Manroop alimtukana vizuri, kisha akampeleka kliniki. Tejbir alipomuuliza kuhusu ndoa, hakumjibu.

Siku ya dua ya kumkumbuka Harjap, ndugu walijaa gurdwara, hekalu lao. Walipoketi sakafuni kula, shangazi mmoja akauliza kwa sauti, "Tejbir, umerudi lini kutoka Kanada?"

Baba yake alitazama sahani yake.

"Sikwenda Kanada, shangazi," alisema Tejbir. "Nilikuwa mgonjwa wa unga. Bado natibiwa. Na kaka yangu hakuteleza. Alikuwa na huzuni, hakuna aliyemuuliza." Machozi yakamtoka mbele ya watu wote, wala hakuyafuta.

Wote walimgeukia mzee, wakingoja akanushe. Mzee Bachittar Singh hakukanusha. Watu wa safu ya Tejbir walianza kusogea mbali kidogo kidogo, wakijifanya wanatafuta nafasi, hadi pande zake zote mbili zikabaki tupu.

Manroop aliinuka kutoka alikokuwa ameketi na mama yake. Alikwenda na sahani yake, akawaruka watu miguu, akaketi bega kwa bega na Tejbir.

"Wanakutazama," Tejbir alisema.

"Watazame. Wakishiba kula wanitazame vizuri, maana mimi ndiye mke wako." Alimkatia kipande cha chapati, uso umefura. "Na nitaolewa na hasira zangu hizi hizi, usidhani nitaziacha kwetu. Kula."

Tejbir akala.