Kitufe cha Kurudisha

Kila Jumatano, shule ikishafungwa, Umulisa hakuwa na njia nyingine ila ile ya mtaa wa Biryogo. Alipita vichochoroni, akiwaamkia mafundi cherehani waliokaa vibarazani, kisha akaingia kituo cha vijana, chumba cha nyuma, penye kompyuta moja kuukuu na spika mbili kubwa. Humo ndimo alimojifunza kutengeneza muziki wa dansi pamoja na wenzake wawili, Shyaka na Armel. Hakuna kati yao aliyejua kupiga gitaa wala ngoma. Walirekodi sauti, wakazikata, wakazipanga kwenye skrini moja juu ya nyingine mpaka wimbo ukasimama.

Mwalimu wao, dada Phiona, msichana aliyekulia Kampala, alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa kompyuta yake. Mtu asiguse sehemu ya mwenzake bila kumwomba. Na ukifuta kitu kwa makosa, aliwaambia, usibabaike. Kuna kitufe cha kurudisha, kibonyeze tu, ulichokifuta kitarudi. Lakini kompyuta ikishazimika, basi tena.

Wimbo wao ulikuwa upigwe Jumamosi kwenye ile barabara ya Biryogo isiyopitisha magari, mbele ya wazazi na mtaa mzima. Umulisa alitunga kinanda, Shyaka akatunga besi, na Armel akaleta mdundo. Mdundo wenyewe aliurekodi kwenye cherehani ya Mzee Usumani, jirani wa kituo, cherehani ya zamani ya kukanyaga kwa miguu. Weee, ulikuwa mdundo wa kukutikisa mabega bila kupenda! Kila aliyepita dirishani alisimama akamsifu Armel. Kinanda cha Umulisa hakuna aliyekitaja, na wivu ukamwingia mtoto wa watu.

Jumatano hiyo alifika wa kwanza. Akafungua wimbo, akaufuta mdundo wa Armel ili asikie kinanda chake peke yake. Kikampendeza mno, hata akauhifadhi wimbo hivyo hivyo. Alijiambia kwamba atausikiliza mara moja tu, kisha ataurudisha mdundo mahali pake. Kabla hajabonyeza, mlango ukafunguliwa, wenzake wakaingia.

Armel alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta, akavaa hedifoni. Uso wake ukabadilika. Akazivua polepole.

“Mdundo wangu uko wapi?”

Wiki iliyotangulia Shyaka alikuwa amemtania kwamba mdundo wake ni kama mbuzi anayetafuna mahindi makavu. Sasa akacheka, cheko la mtu asiyejua lolote. Cheko hilo ndilo lililomponza.

Ngumi ya kwanza ilimpata Shyaka mdomoni. Jino la mbele likakatika, damu ikamchuruzika hadi kwenye shati la shule. Shyaka hakulia. Alikamata chuma cha kushikilia maikrofoni akamtandika nacho Armel mkononi, na Armel akapiga yowe lililosikika hadi barabarani. Wakakamatana. Wakaanguka juu ya waya, wakagaragara, huyu akimng'ata mwenzake sikio, yule akimkaba mwenzake shingo.

Umulisa alikuwa amesimama kando ya meza, mkono wake karibu kabisa na kitufe. Angekibonyeza, mdundo ungerudi palepale na ugomvi ungekwisha. Lakini angekibonyeza, wangejua ni nani aliyefuta. Aibu ikamzuia. Akabaki anatazama damu ikidondoka sakafuni.

Shyaka alijinasua, akakirusha kile chuma kwa nguvu zote. Kikamkosa Armel, kikaipiga kompyuta ikaanguka chini. Skrini ikapasuka, ikawa nyeusi tii.

Mzee Usumani aliingia mbio, utepe wa kupimia nguo bado shingoni, akajitupa katikati yao. Kiwiko cha mmoja wao kikamvimbisha jicho. Dada Phiona alipofika kutoka ofisini aliuliza nani ameanza, na Armel hakukana. Basi akamwambia atoke, asirudi kituoni bila mzazi wake, na Jumamosi asionekane. Armel akaondoka ameushika mkono wake uliovimba. Umulisa alimwona akipita karibu naye kabisa, na bado hakusema neno.

Dada Phiona akaenda kutafuta pamba ya kuzuia damu ya Shyaka. Aliporudi, Shyaka hayupo. Alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma.

Umulisa alijua amemfuata Armel. Akatoka mbio, akaukata uchochoro wa kwanza na wa pili, akawakuta mahali watu walipokuwa wanajenga ukuta. Shyaka alikuwa amembana Armel pembeni. Mkononi alishika nusu ya tofali, ameiinua juu.

“Nimekufanyia nini mimi?” alisema Shyaka, maneno yakitoka pamoja na damu. “Sema, bwana, nimekufanyia nini?”

“Umefuta kazi yangu.”

Tofali likashuka. Umulisa hakufikiri, alijirusha tu katikati yao. Likampiga begani, akasikia kitu kikipasuka ndani ya mwili wake, akaanguka kwa magoti.

“Ni mimi,” alisema. “Ni mimi niliyefuta. Shyaka hana kosa.”

Tofali likamponyoka Shyaka. Wote wawili walimtazama kama mtu wasiyemjua. Wanawake wa mkahawa wa karibu walikuja wakipiga kelele, dada Phiona nyuma yao, na watoto wote watatu wakapelekwa zahanati kwa pikipiki.

Huko Umulisa alieleza yote, hata habari ya wivu, huku mfupa wake wa bega uliopasuka ukifungwa. Jioni ile mama yake alimwongoza hadi nyumbani kwa Shyaka, kisha kwa Armel, kisha kwa Mzee Usumani mwenye jicho jekundu, naye Umulisa akaomba radhi kila mlango. Mama yake Armel alimsikiliza hadi mwisho, akaufunga mlango bila kujibu.

Lakini kesho yake Armel alikuja kituoni na baba yake, na dada Phiona akampokea, hata Jumamosi akamruhusu. Kompyuta ilitengenezwa, ila mdundo haukuwemo. Ikabidi uanzwe upya. Shyaka alikanyaga cherehani ya Mzee Usumani, Umulisa akashika maikrofoni kwa mkono wake mzima, na Armel, bandeji mkononi, akaamuru wapi wakate na wapi waache. Aliongea na Umulisa kuhusu kazi tu. Siku ya pili alimwambia kinanda chake kiko chini mno, akakipandisha yeye mwenyewe.

Jumamosi barabara ilijaa. Mdundo ulipoingia, hata Mzee Usumani alitupa mabega. Shyaka alicheka kwa furaha, na pale mbele mdomoni palikuwa na pengo. Umulisa akaliona, machozi yakamlenga.

Dada Phiona alikuwa kando yake. Akawaita wavulana nao wasogee.

“Mdundo tumeutengeneza tena,” alisema. “Jino hili hatutalitengeneza. Ninyi wawili mlipiga kabla hamjauliza. Na wewe, Umulisa, ulikuwa na neno moja mdomoni tangu ngumi ya kwanza. Kwenye kompyuta ukikosea kuna kitufe. Kwa watu hakuna, kuna kusema kweli tu, tena mapema, kabla damu haijamwagika. Ulipolisema lile neno ulikuwa umechelewa kiasi gani?”

Umulisa alimtazama Shyaka, Shyaka akafumba mdomo kuficha pengo, kisha akaona haina maana, akacheka tena.