Msitu Mweusi wa Mirihi

Katika mtaa wetu hakuna anayejua kusoma picha kunishinda mimi. Nimemaliza sekondari. Picha yoyote nikiitupia jicho mara moja tu, imekwisha.

Baba ni mchoraji wa mabango. Mtaa mzima umejaa mkono wake: "Kinyozi", "Mbwa Mkali", "Usitupe Taka Hapa". Lakini ukuta wa picha alikuwa hajawahi kupewa. Kwa hiyo mkutubi alipomwomba achore sayari ya Mirihi katika chumba cha watoto cha maktaba, Baba alinyoa ndevu kabla ya kwenda kazini, kana kwamba ukuta ungemwona.

Tulipewa picha ya ncha ya kusini ya sayari hiyo, iliyopigwa na chombo cha angani. Ardhi ilikuwa nyekundu iliyofifia. Juu yake kulikuwa na alama nyeusi zilizosimama kama miti.

"Profesa, hivi ni nini?" Baba aliniuliza. Huniita hivyo akitaka kunituma au kunicheka.

"Miti," nikajibu. "Weusi ni kivuli tu. Tia kijani."

Baba akatia kijani, msitu ukapendeza kweli. Alipotoka kununua brashi, nikaongeza kitu kidogo changu kwenye kona, nyuma ya ngazi. Dada yangu mdogo aliniona. Nikampa pipi, akafunga mdomo.

Siku moja kabla ya ufunguzi, mkutubi akaja kutazama. Aliusogelea ukuta, akarudi nyuma, akausogelea tena, mpaka Baba akaanza kufuta mikono aliyokwisha kuifuta.

"Fundi, mkono wako ni mzuri," alisema. "Lakini huko hakuna miti. Na watoto watauamini ukuta huu."

Baba akaniangalia. Mimi nikaangalia dari.

Sikukubali kirahisi. Nilimwambia mkutubi kwamba mashina yanaonekana, matawi yanaonekana, sasa anataka nini tena, matunda?

"Mdogo wangu, kamera ilikuwa wapi?"

"Juu angani."

"Ukiwa ghorofani ukitazama mti ulio chini yako kabisa, unaona shina?"

"Naona majani tu," nikakiri.

Mkutubi akatandaza mezani picha nyingine za mahali pale pale. Wakati wa baridi, barafu tupu. Jua liliporudi, alama nyeusi tele. Joto lilipozidi, barafu imekwisha na alama zimefifia. Akauliza ni miti gani inayohama kila mwaka na kurudi. Baba akasema labda ni wapangaji.

Ndipo mkutubi akaeleza. Barafu hiyo si ya maji. Ni ile hewa tunayoitoa tukipumua, imeganda kwa baridi kali. Ni angavu kama kioo, hata wekundu wa ardhi huonekana, na mwanga wa jua huipenya na kupasha joto ardhi iliyo chini yake. Barafu ya chini hugeuka hewa, na hewa hiyo hukosa njia.

"Ni kama maziwa jikoni," alisema. "Utando umetulia juu, mvuke unajikusanya chini, mwisho unautoboa."

Hewa ikichomoka hurusha vumbi jeusi, nalo huanguka juu ya barafu na kuacha michirizi. Michirizi hiyo ndiyo msitu wangu.

Baba hakununa. Alichanganya rangi upya. Kona ya nyuma ya ngazi nilisema niachiwe mimi. Jioni ukuta ulikuwa unafuka vumbi mpaka mtu akatamani kupiga chafya. Chini yake Baba akaandika kwa herufi zake bora: "Kamera ilikuwa wapi? Ulikuwa wakati gani wa mwaka?"

Kesho yake watoto walijaa. Walisoma maswali yale kwa sauti, kisha wakayauliza kwa kila picha chumbani. Baba alitembea kama bwana harusi. Mimi nikawaeleza wageni kwamba tangu mwanzo nilimwambia mzee hilo ni vumbi.

Baba akaiondoa ngazi. Kwenye kona akabaki ndege mdogo wa manjano, amekaa hewani.

"Huyu amekalia nini?" mtoto mmoja akauliza.

"Alikuwa juu ya mti," dada yangu akajibu. "Kaka ndiye aliyemchora. Alinipa pipi nisiseme."

Akamgeukia Baba.

"Na pipi yenyewe alikuwa ameshailamba."