Mapigo Matatu ya Kengele

Kila asubuhi kiranja wa kengele alifika shuleni kabla ya wenzake. Alikuwa msichana wa darasa la sita, mwembamba, lakini akiigonga ile ringi ya gari iliyoning'inia nje ya ofisi ya walimu, hata wachelewaji wa mtaa wa pili walikaza mwendo.

Siku hiyo masomo yalisimama saa nne. Kwa mara ya kwanza nchi ilikuwa inamwapisha rais mwanamke, na mwalimu mkuu aliagiza televisheni iwekwe ukumbini ili walimu, wafanyakazi na wanafunzi watazame pamoja. Mpishi hakuweza kuyaacha maharage ya watu mia tatu motoni. Alimwomba kiranja apige kengele mara tatu rais akisimama kuapa. Hapo angemwachia msaidizi wake mwiko na kuja mbio. Kiranja alikubali bila kusita.

Hotuba zilikuwa ndefu. Karani wa shule alisinzia, mlinzi akamtania kwamba anaapishwa ndotoni. Kiranja alikuwa amepata nafasi mstari wa mbele kabisa. Rais alipoinuka, ukumbi mzima ulinyamaza. Kiranja aliutazama mlango, akaitazama nafasi yake, akabaki amekaa. Kiapo kilichukua dakika mbili tu.

Mpishi alipokuja kuchungulia, alikuta watu wanatoka. Alikuwa amejifunga kitambaa kipya kichwani. Alipouliza kulikoni, kiranja alimjibu kwamba kengele alipiga, labda hakuisikia.

Wakati wa chakula, mpishi aliwaambia wenzake kwamba masikio yameanza kumtupa mkono, na kesho ataomba ruhusa aende hospitali. Mlinzi alicheka, lakini mpishi hakucheka. Kiranja alisikia yote. Aliona aibu kuliko siku zote za maisha yake. Aliweka sahani chini, akarudi dirishani pa kugawia chakula.

"Mama, masikio yako ni mazima," alisema. "Sikupiga kengele. Niliogopa kupoteza nafasi yangu."

Mpishi hakumkaripia. Mwalimu wa uraia, aliyekuwa karibu, alisema kiapo kingeonyeshwa tena kwenye habari za saa saba.

Saa saba ilimkuta kiranja nje, juani, macho yake kwenye dirisha la ukumbi. Mwalimu alipoinua mkono, aligonga mara tatu. Mpishi alitoka jikoni mbio, na kiranja akabaki pale pale kwenye ringi mpaka mpishi alipotoka ukumbini akifuta machozi.

"Yule ana nchi nzima ya kumkumbusha kiapo chake, mwanangu," mpishi alimwambia. "Ahadi uliyonipa mimi jikoni haina mlinzi mwingine ila wewe."

Kisha akamwonyesha saa ya ofisini. Kipindi cha mchana kilikuwa kimechelewa kuanza kwa dakika tano, na kengele ilikuwa bado haijapigwa.