Nilivyouosha Utando wa Twahir kwa Sabuni

Nina miaka hamsini na mbili, nina shahada ya kemia, na nimeachwa. Shahada haikunisaidia kitu.

Hapa Mji wa Kale natengeneza mashine za kuzamia. Si zile zitoazo mapovu. Hizi huisafisha pumzi ya mzamiaji ili aivute tena. Ndani mna chokaa inayonyonya hewa chafu, na mbele ya chokaa pana utando mweupe, mwembamba kama karatasi. Hewa hupita, maji hayapiti. Maji yakiifikia chokaa, hutoka dawa kali inayounguza koo!

Twahir, mzamiaji, alikuwa rafiki yangu wa miaka ishirini. Alikula kwangu kila Ijumaa. Mke wangu Maimuna alifukiza udi tangu asubuhi, nami nikadhani ananifukizia mimi! Msomi mzima...

Maimuna alidai talaka, nikampa. Eda ilipokwisha, akaolewa na Twahir.

Je, nilipiga kelele? Hata! Niliendelea kumtengenezea mashine huku nikitabasamu. Watu wakanisifu kwa subira. Subira gani? Nilikuwa nasubiri tu.

Siku moja akaniletea mashine niikague, kesho yake azamie nayo baharini pale Liwatoni. Niliutoa utando, nikauosha kwa sabuni ya vyombo, nikausuuza, nikaukausha. Kwa macho haukubadilika. Lakini ukishaguswa na sabuni, hunywa maji kama kitambaa. Nikaurudisha. Na niseme kweli... nilifurahi.

Asubuhi nilikwenda kutazama. Wazamiaji huudondoshea utando maji kwanza, waone kama yanateleza.

"Yakhe, hujaujaribu!" mwenzake akamwambia.

"Huu umepita kwa Hamid," Twahir akacheka. "Wataka nimtukane fundi wangu?"

Nilisikia kila neno. Ningeweza kumzuia. Nikanywa kahawa yangu.

Twahir akazama. Haikupita robo saa akaibuka, anatapika povu lenye damu!

Hospitalini Maimuna alinikazia macho. "Hamid, ni wewe?"

Kabla sijadanganya, Twahir akanong'ona kwa taabu, "Mwache, Maimuna. Nilifunga vibaya mwenyewe. Mkono wa Hamid haukosei."

Alipona, ila sauti haikurudi. Kisasi nilikitaka, nikakipata... mbona basi sina pa kukiweka? Msinidhanie mtakatifu, bado namchukia! Lakini amenitetea mtu niliyetaka kumuua, na sasa hata kumchukia kwa raha siwezi.

Ndugu wasomaji, mwenye kukuumiza mchukie ukiwa mbali naye. Uhai wake ukiwa mikononi mwako, mrudishie kazi yake, umwambie usoni, "Sikutengenezei!" Neno hilo moja lilinishinda, mimi mwenye maneno mengi. Nawasihi, lisiwashinde nyinyi.

Keshokutwa nakwenda kwa Twahir kumwambia ukweli, Maimuna akiwapo, kisha kituo cha polisi. Nimeyaandika leo kwa sababu najijua mimi mwoga... Mkishayasoma, sitakuwa na njia ya kurudi nyuma.