Tawi la Bimdogo

Sauti ya Bimdogo ilikuwa imeibwa.

Hivyo ndivyo Bwana Ishaq alivyomweleza Inspekta Mbodze, wala hakuona ajabu katika maneno yake. Kabati la chuma lilikuwa wazi na diski ya akiba haimo. Mezani kompyuta ilikuwa inawaka, lakini jina la Bimdogo halikuonekana tena.

"Huyo Bimdogo ni nani?" Mbodze aliuliza.

"Alikuwa bibi wa mtaa huu. Alifariki kabla ya Ramadhani. Hakubaki mwingine aliyezijua bembezi za zamani za Mvita, zile nyimbo za kuwalaza watoto. Nilikuwa nikienda kwake na kinasa sauti, yeye akisema na mimi nikirekodi. Jumamosi tumewaalika watu waje wamsikilize."

Jumuiya ya Bwana Ishaq ilikusanya sauti za wazee, na makao yake yalikuwa chumba kimoja cha chini katika nyumba ya kale, nyuma kidogo ya barabara ya Ndia Kuu. Mbodze aliinama akakagua kitasa cha mlango, kisha cha kabati. Havikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Aliyeingia alikuwa na ufunguo.

"Funguo ziko kwa nani?"

"Kwangu, nami jana nilikuwa Malindi. Kwa Bi Mwanabaraka, mtunzaji wetu. Na kwa Khubaib, kijana aliyetutengenezea programu. Khubaib anatuacha. Amepata kazi Nairobi. Tulitupiana maneno mabaya."

Bi Mwanabaraka alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, buibui lake limemfunika hadi vidole. Alisema hajui kitu. Mbodze alipotoa amri Khubaib aletwe kituoni, mama huyo aliinamisha kichwa.

Asubuhi iliyofuata Khubaib alitolewa seli akaketishwa mbele ya inspekta. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Juzi jioni ulikuwa wapi?"

"Marikiti, namnunulia mamangu mboga. Kisha nyumbani, Majengo."

"Nani alikuona?"

"Mama peke yake."

"Uligombana na Bwana Ishaq."

"Tuligombana. Lakini programu ile nimeijenga mwenyewe, Inspekta. Nipeleke niitazame. Tangu jana hakuna aliyeniacha niiguse."

Mbodze alikuwa amekwisha kuwahoji wezi wengi, na wengi wao waliomba wakili au maji ya kunywa. Huyu aliomba kupelekwa kwenye ushahidi.

"Twende," alisema. "Ila kipanya nitakishika mimi. Wewe utasema tu."

Chumbani kwa Jumuiya, upande wa kushoto wa kioo cha kompyuta, majina ya wazee yalijipanga kwa ngazi, kama nasaba. Kando ya kila jina palikuwa na alama ndogo ya kujumlisha. Mbodze alibofya mojawapo. Jina lilifunguka, na mada zake zikateremka chini yake, zimeingia ndani kidogo. Alibofya tena zikajikunja.

"Sisi mpangilio huu twauita mti," Khubaib alieleza. "Kila mstari ni tawi. Tawi lenye watoto ndani yake lina alama. Lisilo na watoto halina."

Mbodze aliteremka taratibu hadi mwisho kabisa. Mstari wa mwisho uliandikwa Majaribio.

"Hili ni la nini?"

"Langu. Nilikuwa najaribia maikrofoni. Halina ki—" Khubaib alikatiza. Alisogeza kiti. "Inspekta, lina alama ya kujumlisha."

"Basi?"

"Halijapata kuwa na mtoto hilo."

Mbodze alibofya. Jina la Bimdogo likashuka, likifuatwa na mada zake zote: bembezi, mapishi, harusi, ulezi, dawa za wazazi. Khubaib alilaza paji la uso juu ya meza akabaki hivyo, mabega yakipanda na kushuka.

"Limefikaje huku?" Mbodze aliuliza alipoona ametulia.

"Limeburutwa. Unalishika jina kwa kipanya, unalivuta, unaliachia juu ya jingine. Linakuwa mtoto wa hilo jingine, na likijikunja hulioni."

"Mkono hauwezi kuteleza?"

"Waweza. Lakini diski ya kabatini haiburutwi kwa kipanya."

Mbodze karibu atabasamu. "Na anayetaka kulipoteza kabisa?"

"Angebofya Futa. Liko papo hapo, mbele ya macho."

Basi mwizi huyu hakutaka Bimdogo apotee. Alitaka asisikike Jumamosi. Mbodze aliutazama mti tena. Mstari mmoja ulikuwa na rangi ya buluu: Ulezi.

"Mbona huu una rangi?"

"Ndio uliosikilizwa mwisho. Programu hukumbuka."

Mbodze aliubofya. Sauti ya kikongwe ikajaa chumbani, nyepesi, yenye kicheko ndani yake.

"Mwaka ule wa mvua kubwa nalikuwa na maziwa mengi, alhamdulillahi. Mwanabaraka kalazwa hospitali, hajijui hajitambui, nikamtwaa mwanawe Taib nikamnyonyesha mimi. Na mwana wa Abdulkadir naye nalimpa ziwa, miezi mizima. Nalikaa na wana wawili, huku mmoja na huku mmoja."

Sauti ikakoma. Mbodze alimgeukia Khubaib.

"Huyu Taib yuko wapi siku hizi?"

"Yuko hapa mjini. Anaoa Ijumaa ya wiki ijayo." Khubaib alikuwa amebadilika rangi. "Anamwoa Noor. Noor binti Abdulkadir."

Mbodze alikulia Kaloleni, lakini alikuwa ameishi kisiwani Mvita vya kutosha kuelewa. Katika Uislamu, walionyonya ziwa moja ni ndugu, na ndugu hawaoani.

Alimtuma konstebo kwenda kumwita Bi Mwanabaraka. Mama aliingia, akaliona jina la Bimdogo kwenye kioo, akaketi kabla ya kuambiwa.

"Sabalkheri, Bi Mwanabaraka."

"Sabalkheri, mwanangu."

"Diski iko wapi?"

"Sandukuni kwangu, ndani ya kanga. Haina hata vumbi."

"Tueleze."

"Niliketi hapa natayarisha sauti za Jumamosi. Nikafika hapo penye Ulezi. Kwamba Bimdogo alimnyonyesha mwanangu, hilo nilikuwa nikilijua. La mtoto wa Abdulkadir sikulijua, nami mtoto wake nimjuaye ni Noor peke yake. Noor na Taib wanapishana mwaka tu. Kadi zimekwisha kugawiwa. Nikafikiri, Jumamosi watu watajaa hapa, na babake Noor mstari wa mbele."

"Ungewaacha waoane?"

"Sijui." Machozi yalimtoka bila sauti. "Nilitaka siku mbili tatu za kufikiri. Kila nikifungua mdomo nimwambie Taib, namwona anavyocheka siku hizi. Na kumfuta Bimdogo sikuweza. Nilipokuwa kitandani sijiwezi, yeye ndiye aliyemweka hai mwanangu."

"Na huyu uliyemwacha alale seli?"

Bi Mwanabaraka alimtazama Khubaib. "Hilo ndilo sina la kujitetea. Nimekudhulumu, mwanangu."

Khubaib alikuwa anaukodolea macho mstari wa buluu.

"Khalati," alisema polepole, kama anayemwita mama mdogo wake, "tawi hili hukulifungua?"

"Nililibofya. Nikasikiliza mpaka mwisho."

"Ulibofya jina. Hukubofya alama. Rekodi zilizokuwa ndefu nilizikata vipande. Kilichobaki ni mtoto wa Ulezi, kimejikunja ndani."

Mbodze hakungoja kuambiwa. Alibofya alama ya kujumlisha, na mstari mmoja ukateremka: Ulezi, kuendelea. Akaubofya.

"Yule wa Abdulkadir akiitwa Jamaldin," Bimdogo aliendelea, na sasa kicheko hakikuwemo. "Ndiye mwanawe wa kwanza. Hakufika kutambaa, maskini, Mungu akamtwaa. Noor alipozaliwa mwaka wa pili, mimi maziwa yamekwisha kukauka zamani. Noor kanyonya kwa mamake."

Bi Mwanabaraka alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya buibui.

"Aliyenyonya ni Jamaldin," Mbodze alisema, akitaka kuwa na hakika. "Noor hamo."

"Hamo," Bi Mwanabaraka alinong'ona. "Aliyenyonya ni nduguye, si yeye. Noor hamo. Yaa Rabbi."

Mbodze alimpigia Abdulkadir simu dukani kwake, Biashara Street. Mfanyabiashara huyo akasema ndiyo, Jamaldin alikuwa wake wa kwanza, wao walikuwa wakiishi Majengo wakati huo, mtoto akipelekwa kwa Bimdogo kunyonyeshwa mpaka siku alipofariki. Noor hakupata kunyonya kwa mtu ila mamake. Nyumbani hawalitaji jina la Jamaldin, kwa ajili ya mke wake. Kadhi alipoulizwa adhuhuri, naye hakuona kizuizi.

Bwana Ishaq alikuja kituoni kuondoa mashtaka. Alimshika Khubaib mkono akawa hauachi.

Jioni Bi Mwanabaraka alikwenda Majengo kwa miguu, na Mbodze akafuatana naye. Mlangoni alisimama mama yake Khubaib. Mwanabaraka alimweleza yote pale pale mlangoni, majirani wakisikia, bila kujipunguzia hata neno.

Mama Khubaib alimsikiliza mpaka mwisho. Alimtazama mwanawe aliyekuwa kibarazani anakula wali kama mtu aliyetoka safari, kisha akasogea kando ya mlango.

"Nilikuwa nimekasirika tangu jana," alisema. "Pita ndani, Mwanabaraka. Huo uso wako ni wa mtu asiyelala. Na wewe, Inspekta, pita. Chai iko motoni."