Tundu la Bambo

Saa nne asubuhi.

Chumba cha nyuma ya bucha, Kitale. Mlango umefungwa, redio inapiga kelele ili wateja wa mbele wasisikie. Wahome alichora barabara kwa kidole kwenye mafuta yaliyoganda mezani. Aliendesha malori ya watu kwa miaka, mpaka alipogundua kwamba kuiba lori ni rahisi kuliko kuajiriwa kuliendesha.

"Dereva anapaki nje ya stoo, anaingia hotelini kula. Kibiwott, wewe ni tanboi wake, utingo wa kila siku. Kaa naye. Mpigie story. Mimi naondoka na gari."

"Na mimi?" Mukhisa aliuliza.

"Wewe ni kuli. Kaa juu ya mzigo kama kuli. Tunapita njia ya vumbi, Kipsongo, mpaka kile kiwanda cha mbao kilichofungwa nyuma ya Tuwan. Giza ikiingia, Bungoma. Bramwel ana kinu huko, anangoja mahindi."

Mukhisa alikohoa. "Bosi, mimi sitaki pesa. Nipe gunia moja tu."

"Bramwel amenunua mzigo wote. Ikipungua, ataanza maswali."

"Basi gorogoro tatu, bana. Mtoto anarara na strungi, chai kavu tu."

"Huu ni wizi, Mukhisa. Si msaada wa kanisa."

Kibiwott alicheka. Mukhisa hakucheka.

Mwaka huo serikali ilikuwa imeondoa mkono wake kwenye bei ya unga. Pakiti ikapaa. Gorogoro, lile kopo la mafuta ya kupikia ambalo Kitale nzima hupimia mahindi, likapaa pia, katika mji uliozungukwa na mahindi kila upande! Nakhungu, bintiye Mukhisa wa miaka mitatu, miguu ilikuwa imemvimba, nywele zimegeuka rangi ya ndevu za mahindi. Nesi alimwambia mama yake, Wilkista, ampe maziwa, mayai na maharagwe. Wilkista aliitikia kwa adabu. Njiani akacheka mpaka akalia.

Kisha mtoto akaacha kuongea. Akaacha hata kulia. Alikaa mahali alipowekwa, akitazama. Hilo ndilo lililomvunja Mukhisa.

Saa nane mchana.

Kazi ilikwenda kama maji. Dereva alikuwa kwenye ugali, Kibiwott akimchekesha, Wahome akatia gia. Juu ya magunia Mukhisa alilala kifudifudi. Ndani ya shati alikuwa na bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji ambacho makuli huchoma nacho gunia ili mnunuzi aone mahindi ya ndani. Mfukoni alikuwa na gunzi la kuzibia tundu.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Wanawake wa Kipsongo walizoea kufagia kinachodondoka kwenye malori, na hawaachi hata punje moja barabarani. Nani angefuata njia iliyofagiliwa? Alipotoka bucha alikuwa amemwambia mkewe, "Kaa hapo njiani na ufagio. Usiulize."

Walipofika Kipsongo akachoma gunia la pembeni. Mahindi yakatiririka.

Wanawake wakatoka kila kichochoro, na mafagio, na leso, na masufuria. Wilkista alikuwa na Nakhungu mgongoni, hakuweza kukimbia. Wakamsukuma nyuma. Mukhisa alimwona akiinama pasipobaki kitu. Akashika gunzi, akaliacha. Kidogo tu, apate. Lori likapinda kona, yeye bado hajapata. Kidogo tu tena.

Gunzi lilibaki mfukoni mpaka Tuwan.

Saa kumi jioni.

Ndani ya kiwanda, Wahome alikuwa na bastola mkononi. "Kibiwott amechelewa. Ametuuza."

"Hawezi," Mukhisa alisema.

Kibiwott akaingia mbio, akaiona bastola. "Si mimi, Wahome! Ebu angalia nje!"

Walichungulia kwenye ufa wa mbao. Barabara ilikuwa safi kabisa, bila punje. Lakini toka Kipsongo mpaka mlangoni pao walikuwa wanawake walioinama, mmoja nyuma ya mwingine, wakifagia njia ambayo malori hayapiti. Na kando yao, polepole, Landrova ya polisi ikifuata mstari wao.

Wahome aliangalia lori, akaliona tundu. Akaliona bambo kifuani mwa Mukhisa.

"Kwa gorogoro, Mukhisa? Umetuua kwa gorogoro?"

"Nilitaka kuziba, bosi. Walai."

Polisi waliingia. Wahome alipiga risasi moja. Wao wakajibu kwa nyingi. Alianguka kando ya gurudumu, mahindi yakaendelea kumdondokea. Kibiwott aliinua mikono. Mukhisa alikuwa ameinua zamani.

Inspekta aliwapanga wanawake ukutani. "Nani aliwaambia lori linapita? Aliyejua ni mmoja wao. Ataenda nao ndani." Akamsimamisha Mukhisa na pingu zake mbele ya mmoja baada ya mwingine, mpaka kwa Wilkista. "Unamjua huyu?"

Gorogoro ya Wilkista hatimaye ilikuwa imejaa hadi kilele. Alimtazama mumewe usoni.

"Simjui, afande."

Mukhisa alishukuru moyoni, na moyo huohuo ukamuuma vibaya sana.

"Mwageni yote kwenye gunia," inspekta akasema. "Hiyo ni kielelezo ya korti."

Wilkista akamwaga. Mlio wa mahindi yakiporomoka ukamfanya Nakhungu ainue kichwa mgongoni pale. Alitazama mahindi, kisha akamtazama Mukhisa. Akanyoosha mkono.

"Baba."

Sauti ndogo, imekwaruza. Mukhisa alikuwa ameingoja kwa wiki nzima. Angeitoa roho yake aiitikie.

Inspekta aligeuka. "Anakuita wewe?"

"Watoto wanaita kila mtu baba, afande," Mukhisa alisema. "Mimi sina mtoto."

Wakamruhusu Wilkista aende. Alishika njia ya Kipsongo na gorogoro tupu, bila kugeuka, na mtoto mgongoni akaanza kulia.